Ijumaa za mpishi wetu

Nyumba ya wageni ninayoisimamia hapa Shela, Lamu, ina wafanyakazi wanne. Mwenyewe yuko ng'ambo, kwa hiyo mishahara naipiga mimi kwa daftari na kikokotoo cha simu. Mwezi ukienda mzima hakuna kazi. Taabu huja mtu akiingia au akitoka katikati.

Septemba 2024 mpishi wetu aliaga. Bintiye alikuwa karibu kujifungua huko Malindi, naye akataka kuwa karibu. Siku yake ya mwisho ilikuwa tarehe 18. Mshahara wake shilingi 26,000 kwa mwezi, ofu yake Ijumaa. Nikagawa 26,000 kwa 30, nikapata 866 na ushei. Nikahesabu siku alizoingia jikoni, nikaruka Ijumaa mbili: 16. Jumla 13,867. Likizo nikaandika sifuri, maana alianza Januari mosi na mwaka haujatimia.

Nikamsomea karatasi barazani. Akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, hesabu hini imekwenda kombo. Ukigawanya, Ijumaa zangu umezitia. Ukilipa, umezitoa. Zimekwenda wapi?"

Mtu aliyezoea kuuziwa samaki pamoja na barafu yake humchezei mizani.

Nilirudi chumbani nikarudia. Ukigawa kwa siku zote 30 za mwezi, zidisha kwa siku zote 18 za kalenda: 15,600. Ukitaka kuhesabu siku za kazi tu, Septemba ile ilikuwa na Ijumaa nne, zikabaki 26. Basi kila siku ni 1,000, mara 16, ni 16,000. Njia zote mbili zinakaribiana. Mimi nilichukua kichwa cha hii na mkia wa ile, nikamkata mama wa watu zaidi ya elfu mbili bila kukusudia. Nilichagua ya 26, kwa sababu ndiyo niliyoweza kumweleza kwa vidole.

Likizo ndiyo iliyonitia aibu zaidi. Mei, mvua zilipowafukuza wageni, nilimpa siku tisa za likizo kwa mkono wangu. Kama hakuwa na haki hadi mwaka utimie, zile nilimpa nini? Nikatafuta Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28. Siku 21 za kazi ni za aliyetimiza miezi 12, lakini anayeondoka baada ya miezi miwili au zaidi anadai angalau siku moja na robo tatu kwa kila mwezi aliotimiza. Januari hadi Agosti ni miezi minane: siku 14. Toa tisa, zabaki tano.

Septemba haikutimia, na sheria hainilazimishi. Lakini robo tatu na moja ile, ukiigawa kwa 26 na kuzidisha kwa 16, inatoa siku moja na chembe. Nikaongeza moja. Mwenyewe aliuliza kwenye simu kwa nini. Nikamkumbusha maandazi ya asubuhi ambayo wageni huyaandika kwenye kitabu chao. Siku sita, 6,000. Jumla 22,000 kabla ya makato, badala ya ile 13,867.

Nilidhani nimemaliza. Oktoba ikaja na siku 31 na Ijumaa nne tu, yaani siku 27 za kazi. Kijana wa mashua akakosa siku moja bila kuaga. Nikagawa kwa 26, nikazidisha kwa 26 alizofanya: mshahara kamili, kana kwamba hakukosa! Mwezi wa namna hiyo nageuza hesabu: nachukua mshahara mzima, natoa siku aliyokosa.

Nilipomwonyesha, kijana akaitazama karatasi, akaniuliza kama ile njia ya kugawa kwa 26 haitufai sote.