Umeombwa kuingia bodi ya shirika: soma haya kabla ya kukubali

Mwaliko wa kuingia bodi ya shirika lisilo la kiserikali ni heshima, na watu wengi wema hukubali kwa sababu ya heshima hiyo kabla hawajasoma hata ukurasa mmoja. Omba wiki mbili za kufikiria, na nyaraka: katiba, hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, barua ya mkaguzi kwa menejimenti, na mihtasari ya vikao vinne vya mwisho vya bodi. Wakianza kukuzungusha, jibu umeshalipata.

Anza na barua ya mkaguzi. Wengi wakiona hati safi, yaani mkaguzi ameridhika na hesabu, hufunga kabrasha, kumbe malipo yasiyo na stakabadhi na masurufu (fedha za kazi alizopewa mfanyakazi) yasiyorejeshwa hutajwa kwenye barua. Hoja ileile ikijirudia miaka mitatu, bodi hiyo haifanyi kazi.

Kisha uliza salio la benki, na papo hapo uliza ni kiasi gani ndani yake ni fedha za miradi. Tuseme akaunti ina shilingi milioni 80, lakini milioni 72 zimetolewa na wafadhili kwa kazi maalumu. Shirika lenyewe lina milioni 8. Ikiwa mishahara na pango ni milioni 6 kwa mwezi, limebakiwa na mwezi mmoja na siku kumi. Mashirika mengi huangukia hapa: mkurugenzi anaazima fedha za mradi alipe mishahara, ruzuku inayofuata inachelewa, mfadhili anadai fedha yake, na bodi ndiyo inayoitwa kujibu.

Kwa Tanzania, omba pia risiti za PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) za miezi sita. PAYE hulipwa TRA, mamlaka ya mapato, ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara. Shirika likibanwa, NSSF huwa ya kwanza kuachwa, kwani mfanyakazi anaweza asijue mpaka siku anapokwenda kudai mafao. Makato hayo ni haki ya mfanyakazi. Kama kuna malimbikizo na hakuna mpango wa maandishi wa kuyalipa, kataa. Tazama pia tarehe ya cheti cha usajili: tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2019, cheti hudumu miaka 10, kisha huhuishwa.

Kwenye katiba, tafuta nani anamwajiri na kumwondoa mkurugenzi, akidi (idadi ya wajumbe wanaotosha kufanya kikao) ni wangapi, na ujumbe una ukomo gani. Mwanzilishi akiwa mkurugenzi, na mkewe na mdogo wake wakiwa wajumbe, kura yako haitazuia kitu. Mpigie simu mjumbe aliyetoka karibuni umuulize: matatizo alikuwa anayasikia kikaoni au mtaani?

Kuhusu muda, vikao vinne kwa mwaka ndivyo hutajwa. Kamati, makabrasha na simu za dharura hazitajwi. Tenga saa tano hadi nane kwa mwezi. Kujitolea hakukuzuii kurudishiwa nauli, ila uliza posho ya kikao inapitishwa na nani.

Ukiwa bado na mashaka, pendekeza kukaa na kamati ya fedha miezi sita kama mwalikwa asiye na kura. Na hata ukikubali ujumbe, usiwe mtia saini wa benki kabla ya kikao chako cha kwanza, wala usisaini hundi tupu, hata mwenyekiti akiwa safarini.