Nilivyopanga kijitabu cha mashairi kwa fonti ya EB Garamond ya mlazo

Kijitabu ni cha A6, na mashairi yake ni ya mizani 16 kila mshororo. Karatasi ya A6 ina upana wa milimita 105. Ukiacha pambizo ya 15 kila upande unabaki na 75. Kwa herufi za wima za pointi 12, mishororo mirefu ilivunjika, kina cha mwisho kikashuka peke yake mstari wa chini. Hapo shairi limeshaharibika. Nikageuza yote kuwa mlazo, yaani italiki, kwa ukubwa uleule, na kila mshororo ukaenea. Italiki ya kweli ni nyembamba kuliko wima.

Ndiyo kazi yake ya asili. Mwaka 1501 huko Venice, mchapaji Aldus Manutius alichapa mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, katika kitabu kidogo cha kushika mkononi, chote kwa italiki aliyoichonga Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa kalamu. Kuitumia kukazia neno mojamoja kulikuja baadaye. EB Garamond yenyewe ni ya bure, na italiki yake inafuata herufi za mchongaji Robert Granjon zilizomo katika karatasi ya sampuli iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592.

Sakinisha mafaili mawili, la wima na la italiki. Ukiweka la wima tu, kompyuta itaziinamisha herufi kwa nguvu, na watu wengi hawagundui. Tazama a: ya italiki ni tumbo moja lenye kijimkia, ila ya bandia bado ina kofia juu. Tazama na f: ya kweli hushuka chini ya mstari na mkia wake huenda kushoto.

Mkia huo ndio ulionisumbua zaidi. Maneno yetu huishia na irabu, kwa hiyo mwisho wa neno hauna shida. Shida iko mwanzoni, kwa f na j. Katika “(jahazi)” mkia wa j uligusa mabano. Nilichagua mabano ya kufungua peke yake nikaongeza nafasi ya pointi 0.7 baada yake. Ukichagua neno zima, herufi zote zitaachana na mwandiko utapoteza mtiririko.

Neno la kukazia ndani ya italiki lirudishe wima. Kichwa cha shairi usikiandike kwa herufi kubwa tupu za mlazo, hazisomeki. Mimi nilitumia wima, pointi 14. Nafasi ya mistari niliweka pointi 15, maana herufi ndogo za Garamond ni fupi na mikia ni mirefu.

Maelezo ya chini nilianza na pointi 8. Kwenye fotokopi, karatasi ya gramu 80, mistari myembamba ya e na u ilikatika. Nilipandisha hadi 9.5, na kabla ya kupeleka PDF nikahakikisha fonti zote mbili zimepachikwa ndani yake.