Nilivyoweka mchezo wa kuchambua kahawa kwenye tovuti ya mteja wangu, Bukavu

Wazo la mchezo halikuwa langu. Mteja wangu ni mama anayekaanga kahawa ya kisiwa cha Idjwi na ya Kalehe na kuiuza hapa mjini na nje. Kijana wake ndiye aliyetaka tovuti iwe na gurudumu la bahati: mgeni analizungusha, linasimama, anapewa punguzo la bei. Mama akamkatiza palepale: «Mi niko nauzisha kahawa, siko nachezesha watu kamari.»

Nilimuunga mkono mama, ila sababu yangu ilikuwa nyingine. Gurudumu lile lile unaweza kulipachika kwenye tovuti ya viatu au ya saruji na hakuna atakayeona tofauti. Mgeni analizungusha, anaondoka, na kuhusu kahawa hajajifunza kitu. Nikawaambia kwamba kama ni mchezo, basi utoke kwenye kazi yao wenyewe. Mama akanieleza jinsi akina mama wa kisiwani wanavyochambua serizi, yale matunda ya kahawa yaliyotoka kuchumwa, na hapo mchezo ukawa tayari umejitunga.

Serizi zinadondoka kwenye skrini. Nyekundu iliyoiva unaigusa, inaingia kapuni. Ya kijani unaiacha ipite. Halafu unaingia hatua ya maji: kapu linamwagwa kwenye beseni, nzito zinazama, nyepesi zinaelea, na wewe unaziopoa hizo zinazoelea kabla muda haujaisha, kama inavyofanyika kwenye kituo cha kuoshea.

Utamu wenyewe uko kwenye serizi zenye vitobo vidogo vyeusi. Huyo ni mdudu antestia. Anatoboa tunda, bakteria wanapata njia ya kuingia, na kahawa inakuja kuwa na ladha ya kiazi kibichi. Tatizo hili linazijua vizuri nchi zetu za Maziwa Makuu: Rwanda, Burundi na Kivu yetu. Punje moja tu inatosha kuharibu kikombe kizima, na mara nyingi huigundui mpaka unaposaga na harufu inapokupiga puani. Kwenye mchezo, ukiruhusu serizi moja ya namna hiyo iingie kapuni, kikombe kinachoonyeshwa mwishoni kinageuka na kuwa na sura ya kiazi. Watu wanacheka, halafu wanauliza.

Upande wa ufundi, adui alikuwa mega. Wateja wengi wa hapa wanafungua tovuti kwa Tecno au Itel, na kifurushi wamekinunua cha siku moja. Kwa hiyo mchezo haupakuliwi hadi mtu abonyeze «Cheza». Sikutumia injini ya michezo wala picha. Serizi zote zinachorwa na msimbo wa JavaScript tupu, lugha ambayo kivinjari chenyewe kinaielewa, na jumla haifiki kilobaiti 100. Mara ya kwanza ikishaingia inabaki kwenye simu, hata mtandao ukikatika unaendelea kucheza. (Huku nani asiyemjua yule dinosau wa Chrome anayeruka miiba mega zikiisha? Yuko pale tangu 2014, na sijui kama kuna mchezo uliochezwa zaidi ya huo hapa Bukavu, katika Kadutu nzima.) Sauti nimeizima mpaka mchezaji aiwashe mwenyewe, maana vivinjari vyenyewe huzuia sauti inayojianzisha. Serizi nimezifanya kubwa kuliko nilivyopenda kwa macho, kwa sababu kidole gumba si kalamu.

Kijana hakukata tamaa na punguzo lake: basi atakayepata alama nyingi zaidi apunguziwe bei. Sikubishana naye. Nilifungua tovuti kwenye kompyuta, nikaingia sehemu ya watengenezaji ndani ya kivinjari, nikaandika mstari mmoja, alama zangu zikaruka hadi laki tisa. Mchezo unaoendeshwa ndani ya kifaa cha mchezaji, alama zake ziko mikononi mwake. Ukizifunga na pesa, kesho vijana wa chuo watakunywa kahawa ya bure. Tulikubaliana zawadi iwe kitufe cha kutuma matokeo WhatsApp, ujumbe ukiwa umeshaandikwa, na mama anajibu mwenyewe. Hakuna kujisajili, hakuna kuomba namba ya mtu kabla hajacheza.

Kuhusu faida, nilikataa kuhesabu dakika ambazo mgeni anakaa kwenye ukurasa. Mchezo wowote utaongeza dakika, hata wa kijinga. Nilifanya hivi: nusu ya wageni wanaona kitufe cha mchezo, nusu hawakioni, kisha tunalinganisha wangapi wanafika kwenye ukurasa wa kuagiza. Waliokiona wanafika zaidi kidogo, lakini tovuti yenye wageni wachache kama hii haiwezi kunipa jibu la kujivunia, na mama nimemwambia hivyo hivyo. Alichokiona yeye ni maswali. Zamani WhatsApp yake ilikuwa «bei ngapi kilo?» na basi. Sasa wanamuuliza kahawa imeoshwa au imekaushwa na ganda lake, na nani ameichambua.

Kijana ameshaleta hatua nyingine: kahawa iko kwenye vichanja, mvua ya alasiri inakuja, ukimbie kuifunika. Naichora wiki hii. Nimempa sharti moja, isizidi kilobaiti 20.