AC ya Spacio inayogoma kwenye foleni: kumbukumbu ya mradi wangu

Jumamosi, 11 Januari

Gari ni Toyota Spacio ya 2003, injini 1NZ, na ugonjwa wake hata watoto wanaujua: likitembea kuna baridi, likisimama kuna joto. Asubuhi nikitoka Segerea na barabara ikiwa nyeupe, AC inapuliza mpaka mama watoto anaomba niipunguze. Tukinasa kwenye mataa ya Buguruni dakika tano tu, matundu yanaanza kutoa hewa ya vuguvugu kama mtu anakupumulia. Foleni ikisogea, baada ya dakika moja au mbili baridi inarudi. Na Januari ya Dar si ya kufanyia mzaha: joto nyuzi 32, jasho halikauki.

Nimeamua kulishughulikia mwenyewe na kuandika kila hatua, kwa sababu nimeshatoa hela mara mbili bure. Novemba fundi mmoja aligusa bomba kwa kiganja, akasema, "Bosi, gesi imepungua," akaongeza. Hakupima chochote. Desemba mwingine akasema kompresa, yaani pampu inayobana gesi ya AC, imechoka, niende mtaa wa Gerezani nikatafute ya mtumba. Bei aliyoitaja ndiyo iliyonirudisha nyumbani kufikiri.

Leo nimeazima kipimajoto cha jikoni, kile chenye sindano ambacho mama watoto anapimia keki, nikakichomeka kwenye tundu la katikati la dashibodi. AC kwenye baridi ya mwisho, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kimebonyezwa, vioo vimefungwa. Barabara ya Mandela, mwendo wa 60: nyuzi 9. Nimerudi nyumbani, gari juani likiwa sailensa (injini inawaka bila kukanyaga mafuta) dakika kumi: nyuzi 21.

Kisha jaribio ambalo nilipaswa kulifanya tangu Novemba. Gari likitembea, mambo mawili hubadilika kwa pamoja: injini inazunguka kasi zaidi, hivyo na kompresa nayo inasukuma zaidi, na upepo unaingia kwa mbele. Lipi kati ya hayo ndilo linaloleta baridi? Nikaliacha gari limesimama palepale, nikakanyaga mafuta mpaka mizunguko 2,000 kwa dakika na kushikilia. Kama kompresa ingekuwa imechoka, au gesi ingekuwa kidogo, baridi ingeongezeka. Kipimajoto kikashuka kidogo hadi 20, halafu 22, halafu 23. Injini inakazana na joto linapanda! Basi gari langu halikuwa linahitaji kasi, lilihitaji upepo.

Jumapili, 12 Januari

Ndoo ya maji. Mbele ya rejeta kuna kondensa, ambayo ukiiangalia kwa haraka utadhani ni rejeta nyingine nyembamba. Gesi ikitoka kwenye kompresa huwa imebanwa na ina moto. Inapita humo ili iteme joto na kugeuka kimiminika. Isipolitema hapo, haina baridi ya kukupa ndani, hata kompresa iwe mpya kabisa. Injini ikiwa inanguruma, nikamwaga maji kwa kikombe, polepole, kwenye kondensa tu, mbali na waya. Haikufika dakika mbili: kutoka 21 hadi 13.

Jioni akaja jirani yangu anayetengeneza friji na AC za magari, na geji zake za kupimia presha ya gesi. Sailensa: upande wa presha ya chini psi 62, upande wa juu 325. Kwa R134a, gesi ya AC ya gari hili, kwenye joto kama letu ningetegemea kama 35 hadi 45 chini na 200 hadi 250 juu. Nikamwagia maji tena. Upande wa juu ukaporomoka hadi 230. Jirani akacheka. "Kaka, hii gesi haijapungua. Wamekujazia." Kwa hiyo ile hela ya Novemba niliilipa ili tatizo liongezeke.

Jumamosi, 18 Januari

Kuosha. Nimefungua grili na kupuliza maji ya presha ndogo kutoka nyuma kwenda mbele. Yametoka mabawa ya kumbikumbi, vumbi jekundu na kipande cha mfuko wa plastiki. Sponji zinazoziba pembeni kati ya kondensa na rejeta zilikuwa zimeoza, hewa ya moto inapenya na kurudi mbele. Nimebandika vipande vya godoro la zamani kwa muda. Nikapima kwa matumaini yote. Nyuzi 19. Asubuhi nzima, mgongo unauma, kwa nyuzi mbili.

Feni je? Gari hili lina mbili nyuma ya rejeta. Ukiwasha AC zinazunguka zote. Mafundi wote wawili walichungulia wakasema feni nzima, jirani akasema vilevile, na mimi nimeziangalia kwa macho yangu. Zinazunguka. Nikafunga boneti.

Jumapili, 19 Januari

Ugunduzi wa leo si wa akili yangu. Mama watoto alikuwa anafukiza nguo ndani, harufu ya udi imejaa mpaka uani, na mimi nimechuchumaa mbele ya gari nikiwa sina jipya. Nikaona moshi mwembamba ukipita, nikaenda kuomba chetezo. (Niliulizwa kama sasa namfukiza gari pepo. Sikujibu.)

AC imewashwa, nikakiweka chetezo mbele ya grili upande wa kushoto: moshi ukavutwa ndani moja kwa moja. Nikakihamishia upande wa kulia, moshi wote ukanirudia usoni. Nikakohoa, nikarudia. Ulikuwa unatoka nje upande wa kulia, unapinda, kisha unanyonywa upande wa kushoto. Feni moja inavuta, nyingine inasukuma! Hewa ileile ya moto ilikuwa inazunguka baina ya feni mbili kama daladala isiyo na abiria. Kwenye mwendo wa 60 upepo wa barabarani unaizidi nguvu feni inayosukuma, ndiyo maana baridi ilikuwa inapatikana. Kwenye foleni hakuna wa kuizidi.

Nikahakikisha kwa karatasi ya daftari. Kushoto iliganda kwenye grili bila kushikwa. Kulia iliruka mpaka kwenye ndoo.

Hapo nikakumbuka. Mwaka jana mota ya feni ya kulia ilikufa, wakanifungia ya mtumba kwenye gereji ya pembeni ya barabara. Soketi haikulingana, wakaikata na kuunga waya kwa tepu nyeusi. Mota hizi za burashi hazichagui: ukigeuza chanya na hasi, zinazunguka kinyume bila kulalamika. Tena mapanga yamekunjwa kwa upande mmoja, kwa hiyo hata ikisukuma, inasukuma vibaya.

Nimechomoa waya wa betri, nimefungua ile tepu, nimebadilisha waya mbili, nimeunga upya kwa risasi ya kulehemu na kuvalisha mpira wa kusinyaa. Dakika ishirini. Karatasi sasa inaganda pande zote mbili. Sailensa, saa saba mchana: nyuzi 14.

Jumamosi, 25 Januari

Bado gesi iliyozidi. Jirani alisema tunaweza kufungua valvu kidogo ikatoka "pshhh" tu. Nimekataa: R134a ikiachiwa hewani hupasha dunia joto zaidi ya mara elfu moja ya kabonidayoksaidi ya uzito uleule, na ni moja ya gesi zilizoingizwa kwenye makubaliano ya Kigali ya mwaka 2016 ya kupunguza gesi za aina hii. Na kwa ubinafsi wangu pia, kutoa kwa kukisia ni sawa na kujaza kwa kukisia. Nimekwenda kwa fundi mwenye mashine ya kunyonya na mizani. Ameitoa yote, amepiga vakyumu (kunyonya hewa yote iliyobaki) nusu saa, sindano ya geji haikusogea, yaani hakuna panapovuja. Kisha amerudisha kwa uzito ulioandikwa kwenye stika chini ya boneti. Alitoa zaidi ya alichorudisha, na tofauti ilikuwa ya kutia hasira.

Geji sasa, sailensa: chini 36, juu 215. Tundu la katikati: nyuzi 10.

Ijumaa, 31 Januari

Mtihani halisi. Saa kumi na moja na nusu jioni, natoka Posta na kupita Barabara ya Uhuru, nimesimama Buguruni dakika kumi na nane, jua linanipiga upande wa dereva. Kipimajoto kilipanda kutoka 8 hadi 11, kikakaa hapo. Konda wa daladala ya pembeni aliniona nimefunga vioo vyote na kuvaa tai, akagonga kuniuliza kama niko salama.

Kilichobaki ni mkanda wa kompresa, unalia sekunde mbili kila nikiwasha AC asubuhi. Na mama watoto anataka kipimajoto chake.