Siku moja maishani mwangu: paka wazee, tezi na figo

Saa 1 asubuhi nafungua mlango wa nyuma wa kliniki. Nasafisha vizimba, nabadilisha taulo, nawapa dawa wanyama waliolazwa. Watu wakisikia namsaidia daktari wa wanyama, hudhani nashinda nikibembeleza vitoto vya paka. Wagonjwa wangu wengi ni vikongwe: miaka 12, 14, hata 17, waliokonda mpaka uti wa mgongo unahesabika kwa vidole.

Saa 2 na nusu anaingia mama mmoja na paka wa miaka 13. "Anakula kuliko zamani, lakini anazidi kukonda." Nikisikia maneno hayo, mkono wangu huwa umeshafika kooni kwa paka. Natelezesha vidole viwili kando ya koromeo, polepole, kutoka juu hadi chini, na hapo kuna kitu kidogo kinachoponyoka. Moyo unapiga mara 240 kwa dakika. Usiku analia, anatapika, manyoya yamesimama. Tezi ya shingo imezidisha homoni. Mara nyingi ni uvimbe usio saratani, na saratani hutokea kwa wachache sana. Tunatoa damu, tunapima mkojo, tunasubiri majibu.

Saa 4, shinikizo la damu. Chumba kimya, taa hafifu, paka amefunikwa taulo, maana hofu peke yake hupandisha namba. Ikifika 180, jicho liko hatarini: ukuta wa ndani wa jicho unaweza kubanduka, na paka akaamka haoni. Huyu ana 150. Nashukuru.

Saa 5 akaja mzee mmoja bila miadi, kikapu cha paka mkono mmoja, karatasi mbili mkono wa pili.

"Binti, mmemharibu figo paka wangu."

Paka wa kijivu, miaka 15. Wiki sita nyuma alianza methimazoli, dawa ya kushusha homoni ya tezi, miligramu 2.5 asubuhi na jioni. Karatasi ya kabla ya dawa inaonyesha kreatinini, taka ya damu inayochujwa na figo, 120. Ya wiki ya nne inaonyesha 215. Mzee alipopigiwa simu na kupewa majibu, aliacha kumpa vidonge siku hiyohiyo.

Daktari alikuwa kwenye upasuaji, kwa hiyo mzee akawa wangu. Nikamweleza: homoni ikizidi, moyo husukuma damu kwa nguvu, nazo figo hulazimika kuchuja kwa kasi isiyo yao. Tena kreatinini hutoka kwenye misuli, na paka aliyebaki mifupa ana misuli kidogo. Ndiyo maana karatasi ya kwanza ilionekana safi. Figo zilikuwa zimechoka tayari, ila zilikuwa zinakimbizwa. Dawa ilipotuliza mbio, tukaziona zilivyo.

Akanikatiza. Nikaanza upya. Akanikatiza tena. Simu inalia, watu watatu wamekaa kwenye benchi, mbwa anabweka.

"Basi kama mbio zinazisaidia figo, tumwache akimbie."

Swali hili huniumiza kila ninapoulizwa, kwa sababu linatoka kwa mtu anayempenda paka wake, na linaonekana lina akili. Lakini mbio hizo ndizo zinazozidi kuzichakaza figo, na moyo nao unanenepa kuta, na misuli inaliwa siku hadi siku. Tukishusha homoni kupita kiasi nako figo zinaumia. Njia ni nyembamba: dozi ndogo, kipimo, kurekebisha, kipimo tena. Na 215 kwa paka aliyetibiwa tezi ni hatua ya pili kati ya nne za ugonjwa wa figo. Wapo wanaoishi miaka katika hatua hiyo, kwa chakula chenye fosforasi kidogo na maji ya kutosha.

Alinyamaza lakini hakukubali. Nikamuuliza kitu kingine: paka alipokuwa kwenye vidonge, alikuwa analala usiku?

Akamtazama paka muda mrefu. "Alianza tena kujilamba," akasema. "Alikuwa ameacha mwaka mzima."

Tulikaa karibu saa nzima. Mchana wangu uliishia pale.

Baada ya hapo sikuiangalia saa tena. Nilimfundisha kijana kupaka jeli ya dawa ndani ya sikio la paka asiyemeza vidonge, na glavu mkononi, kwa sababu dawa hiyo hupenya ngozi ya binadamu pia. Nikamwekea paka mwingine maji chini ya ngozi. Nikakwaruzwa. Mgongo ukauma, nikala nimesimama.

Jioni majibu ya yule wa asubuhi yakafika: homoni iko juu sana, kreatinini safi kabisa. Uzito wa mkojo wake ukilinganishwa na maji ni 1.018, mwepesi kuliko 1.035 tunayoitegemea kwa paka mwenye figo nzima. Nikaisoma ile kreatinini mara mbili. Daktari akaandika dozi ndogo, nami nikampigia mama yule kumweleza mapema, kabla ya kidonge cha kwanza, kwamba namba ya figo inaweza kupanda, na sababu yake.

Nilikuwa nazima taa simu ilipolia. Mzee. Paka amekitema kidonge. Je, ampe kingine? Nikamuuliza kama amekiona chote sakafuni. Amekiona, hakijayeyuka. Basi mpe hichohicho, mzee wangu, kisha mpe maji kidogo kwa bomba la sindano. Nikasikia akiweka simu mezani, kisha akimwita paka.