Lamu: Ngome, Siwa na Wanunuzi wa Picha

Kwa desturi, masafa ya barabara zinazotoka Nairobi huhesabiwa kuanzia jengo moja la mawe lililo kwenye pembe ya Barabara ya Kenyatta na Barabara Kuu ya Uhuru, na kwa sababu hiyo naona ni halali kuanzia hapo simulizi ya safari yangu ya Lamu, ingawa basi nililopanda liliondokea Malindi. Jengo hilo lilijengwa mwaka 1913 kwa ajili ya utawala wa kikoloni, likaja kuwa ofisi ya mkuu wa mkoa, na humo ndimo watu walimokuwa wakiandikisha vizazi, ndoa na vifo. Siku hizi linaitwa Nairobi Gallery, liko chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vyumba vyake vimetengewa mkusanyiko wa Joseph Murumbi. Nilikuwa nimelizuru kabla ya kuteremka pwani, na swali nililotoka nalo ndilo lililonipandisha basi: mbona serikali yetu, kila inapotaka kuipa sanaa nyumba, huipa ofisi kuukuu?

Habari za Murumbi zinastahili kuelezwa, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaribia zaidi kuifanya serikali iwe mnunuzi wa sanaa. Alikuwa makamu wa pili wa rais wa Kenya, na alishika wadhifa huo kwa miezi michache tu ya mwaka 1966 kabla ya kujiondoa katika siasa. Baada ya hapo alishirikiana na Alan Donovan kuanzisha duka na ukumbi wa sanaa za Afrika jijini Nairobi, na alikuwa ameshakusanya vinyago, nguo, vito, stempu na maelfu ya vitabu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na sehemu kubwa ya vitu hivyo, kwa makubaliano kwamba nyumba ingegeuzwa kituo cha masomo ya Afrika. Kituo hakikuwa. Nyumba ilibomolewa, Murumbi akafariki mwaka 1990, na mkusanyiko ukagawanyika: sehemu yake imo katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ndani ya jengo lililokuwa benki, na sehemu nyingine imo katika ofisi ile ya mkuu wa mkoa. Benki na ofisi. Hakuna kati ya majengo hayo mawili lililojengwa ili mtu aingie atazame picha.

Kutoka Malindi tulipita Mambrui na Gongoni, tukavuka mto Tana karibu na Garsen, kisha tukashika njia ya Witu na Hindi hadi Mokowe. Barabara iliyokuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na matope wakati wa masika sasa ina lami, ila vizuizi vya polisi bado ni vingi, na abiria huteremka na vitambulisho mkononi bila kuambiwa mara ya pili. Witu yenyewe haina cha kumsimamisha msafiri, lakini mji huo, ambao Waingereza waliushambulia mwaka 1890, nilikutana nao tena ng'ambo ya maji, maana mizinga yake imewekwa mlangoni pa Makumbusho ya Lamu. Mokowe tulipanda boti, na baada ya muda mfupi tukashukia gatini, mbele ya safu ya nyumba zinazoelekea bahari.

Jengo la makumbusho limo katika safu hiyo. Lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19 kama makao ya kiongozi wa mji, likachukuliwa na Waingereza, na maofisa wao wakalikalia mpaka uhuru. Wananchi walifunguliwa mlango mwaka 1971, wakati James de Vere Allen alipokuwa akilisimamia na kuikusanya hazina yake. Taasisi mama, Makumbusho ya Taifa, ilikuwa na umri wa miaka mingi tayari: ilichipuka mwaka 1910 kutokana na chama cha wapenzi wa viumbe na mimea, ikapata jengo la Nairobi lililopewa jina la Coryndon mwaka 1930, na kuitwa makumbusho ya taifa mwaka 1964. Asili hiyo inaeleza mengi. Taasisi iliyoanza kwa kuhifadhi ndege waliokaushwa na vipepeo waliochomwa pini ina ustadi mkubwa wa kutunza kilichokwisha kufa, na ni vigumu kuilaumu ikisitasita mbele ya mchoraji aliye hai anayedai malipo yake kabla ya mwisho wa mwezi.

Ndani mna mifano ya majahazi na mitepe, vito vya fedha, viti vya enzi na milango ya nakshi, lakini nilikaa muda mrefu zaidi mbele ya siwa, yaani baragumu kubwa za fahari. Ya Pate, kisiwa jirani, ni ya pembe za ndovu, vipande vilivyounganishwa kwa ustadi hata urefu wake ukazidi mita mbili, nayo huhesabiwa kuwa ya karne ya 17. Ya Lamu ni ya shaba, iliyotengenezwa kwa kumimina shaba iliyoyeyuka katika kalibu iliyofinyangwa juu ya nta, na shingoni ina maandishi ya Kiarabu yaliyozungushiwa nakshi za kusukana. Zote mbili hupulizwa kwa tundu lililo ubavuni. Ukiinama karibu unaona mahali ambapo nakshi imefifia kwa kushikwa, upande mmoja zaidi ya mwingine, maana chombo hiki kilibebwa na kupigwa katika arusi za waungwana na katika kutawazwa kwa watawala, kikasikika hata na asiyealikwa.

Hapo ndipo swali langu lilipogeuka. Nilikuwa nimekuja nikidhani kwamba sanaa inayogharimiwa na umma ni jambo geni kwetu, lililoletwa na wizara na wafadhili. Siwa inasema vingine. Siku ilipotoka mkononi mwa fundi ilikuwa sanaa mpya kabisa, iliyoagizwa kwa jina la mji, ikatunzwa kama mali ya mji, na ukubwa wake ulifuata fahari ya mji badala ya mfuko wa mtu mmoja. Tukiitazama leo kama kitu cha kale tunasahau kwamba kuna watu waliomlipa yule fundi akiwa hai.

Ngome iko mwendo mfupi kutoka hapo, mbele ya uwanja wa Mkunguni. Ujenzi wake ulianza takriban mwaka 1813, baada ya watu wa Lamu kuwashinda Wapate na Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, katika vita vya Shela na kuomba ulinzi wa Seyyid Said wa Omani, nao ulikamilika mwaka 1821. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1910, na jela iliendelea kuwamo hata baada ya uhuru, hadi mwaka 1984. Kisha ikakabidhiwa makumbusho, ikatengenezwa kwa msaada wa Sweden, na sasa ina maktaba, vyumba vya maonyesho na ua ambamo hufanyika arusi na mikutano. Nilipomwamkia mzee aliyekuwa ameketi kwenye baraza ya mlangoni, "Salaam aleikum, ami," alinijibu na kuniashiria ngazi. "Enda yuu ukatezame, mwanangu. Zamani humu hakungia mtu kwa kupenda."

Juu, katika ushoroba unaozunguka ua, nilikuta picha za vijana wa mjini. Hazikupigiliwa ukutani. Zilining'inizwa kwa kamba kutoka kwenye boriti, zikawa zinajipinda kila upepo wa kusi ulipopita, na nilipochungulia nyuma ya moja nilielewa sababu. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa haupendi msumari, na hata kama ungeupenda, mji mzima umehifadhiwa kisheria tangu mwaka 1986 na umo katika orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, kwa hiyo kila tundu lina mwenyewe wa kuuliza. Tena ukuta huo unapumua. Unyevu hupanda na chumvi yake, chokaa hufanya malengelenge na kupukutika, na karatasi iliyoegemezwa hapo hupata madoa ya kahawia kabla ya msimu kubadilika. Picha moja ya rangi za maji ilikuwa imeshaota ukungu kwenye pembe ya chini, juu kidogo ya saini. Ngome ilijengwa kuzuia watu, na katika hilo ilifaulu. Kuihifadhi rangi ni kazi ambayo haikuombwa kamwe kuifanya.

Wapo waliojenga mahsusi. Jumba la taifa la sanaa la Harare, Zimbabwe, lilifunguliwa mwaka 1957, wakati mji huo ukiitwa Salisbury na jumba lenyewe likiitwa kwa jina la Rhodes, na lilikusudiwa zaidi kuwaonyesha walowezi michoro ya Ulaya. Mkurugenzi wake wa kwanza, Frank McEwen, aliwapa Waafrika nafasi ya kufanya kazi katika karakana ya jumba hilo, na humo ndimo walimochipuka wachongaji wa mawe waliokuja kujulikana duniani kote. Sisemi jengo hufanya msanii. Lakini jengo lenye karakana, ghala kavu na fungu la kununulia kazi humfanya msanii abaki mjini kwake.

Kwetu, sheria haiwezi kusingiziwa. Kifungu cha 11 cha Katiba ya mwaka 2010 kinaitaka serikali kukuza utamaduni kupitia fasihi na sanaa, na Jedwali la Nne likagawa kazi: mambo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa yakabaki kwa serikali kuu, na makumbusho na shughuli za utamaduni zikawekwa pia katika orodha ya kaunti. Kwa maoni yangu mgawanyo huo umeacha ufa palepale anaposimama mchoraji wa leo. Yeye si jambo la kale, kwa hiyo Nairobi haimhitaji. Na kaunti yenye visima vya kuchimba na zahanati za kujaza dawa itamfikia mwisho, ikimfikia.

Ufa huo umezibwa na watu binafsi. Nilitembea hadi Shela kwa miguu, kando ya bahari, kwenye kijiji ambacho tangu mwaka 2011 kimekuwa na tamasha la wachoraji lisilo la serikali, na ambacho kuta za hoteli na nyumba za wageni zimejaa picha kuliko ngome. Kijana mmoja alikuwa akichora barazani. Kitambaa chake kilikuwa tanga la jahazi lililochakaa, na viraka na mishono ya mabaharia alikuwa ameviacha vionekane chini ya rangi. Nilimwuliza mbona alikuwa amelikata tanga zima vipande vya ukubwa wa sinia.

"Dada, mgeni anapima na sanduku lake," alinijibu. "Likikataa kuingia, hanunui."

Alinionyesha ubao mwembamba aliojikatia, upana wa sanduku la kubebwa ndani ya ndege, ambao huulaza juu ya kila kitambaa kabla ya kukata. Bahari, mnara wa msikiti wa Ijumaa na wanawake wenye mabuibui vyote vilikuwa vimepangwa kutoshea humo. Nilifikiria pembe zile za Pate zilizounganishwa mpaka kuzidi mita mbili, nikamwuliza ni picha gani kubwa kuliko zote alizowahi kuchora. Ni ramani ya Afrika, akasema, na samaki wa kila aina kuizunguka, katika ukuta wa darasa la shule ya msingi aliyosoma yeye mwenyewe. Ilimchukua likizo nzima, na walimu ndio waliochanga pesa za rangi.