Kumbukumbu ya mradi: kokoto inayoruka

Jumamosi ya kwanza
Nilikwenda kijitoni kupiga picha za kereng'ende. Nimechuchumaa kwenye mchanga wenye unyevu, kokoto moja ikaruka. Nikakodoa macho pale ilipotua, wapi! Nikasogeza kidole, ikaruka tena, kama shibiri moja hivi. Ndipo nikaona macho mawili yamechomoza pembeni mwa kichwa kipana, chini yake kiwiliwili kifupi chenye vinundu. Chura mdogo kuliko ukucha wangu, nikajisemea. Kisha nikahesabu miguu: sita.

Hadi jua linazama nilikuwa nao saba, nimewagawa katika makopo matatu yenye lebo "Kijivu", "Kahawia" na "Madoa". Nilirudi nyumbani nikijiona nimegundua spishi tatu kwa siku moja.

Wiki ya pili
Nilianza kwa kulinganisha rangi na picha, na hapo ndipo nilipopoteza wiki nzima. Kila nikipata picha inayofanana na wa kijivu, ya pili yake ni mwekundu wa matofali, ya tatu ina mabaka meupe mgongoni. Nikajaribu kumweka wa kahawia juu ya mchanga mweupe, nikangoja saa nzima nione kama atabadilika. Hakubadilika hata chembe. Aliishia kuzama mchangani, yakabaki macho tu.

Jumamosi ya tatu
Leo nimeacha rangi, nimechukua lenzi. Nilimgeuza chali mmoja wa kila kopo.

Kwanza mdomo: mfupi, mnene, wa kuchoma na kufyonza. Basi ni jamii ya kunguni, oda ya Hemiptera, wala si mende. Pili vipapasio. Nilivitafuta mpaka nikadhani vimekatika, kumbe vimefichwa chini ya macho. Hapo familia nyingine za wadudu wa ukingo wa maji nilizokuwa nikizishuku zikatoka kwenye orodha: Saldidae wana vipapasio virefu vinavyoonekana waziwazi, na Ochteridae nao vyao, ingawa vifupi, havijafichwa hivyo.

Halafu miguu ya mbele, ambayo kwa kweli ndiyo iliyonifanya nisilale mapema. Paja limevimba, na ugoko unajikunja juu yake kama kisu cha mfukoni. Ni mikono ya vunjajungu kwenye mwili wa chura. Huyu hafyonzi majani. Anavizia wadudu wenzake, anawarukia na kuwabana.

Jibu: familia ya Gelastocoridae. Ina jenasi mbili tu. Nerthra imeenea katika mabara kadhaa, Afrika ikiwamo, na Gelastocoris ni ya mabara ya Amerika peke yake. Niko Marekani, kwa hiyo zote mbili zinawezekana, na kinachoamua ni ncha ya mguu wa mbele. Kwa Nerthra imeungana na ugoko na ina kucha moja. Yangu ina kiungo na kucha mbili. Nilihesabu mara tatu, kwa sababu mchanga uliogandia pale ulinipa kucha ya tatu ya bandia; brashi laini ya kuchorea ikamaliza ubishi.

Makopo yote matatu yalitoa jibu lilelile: Gelastocoris. Nikabandua lebo zangu, kwa aibu kidogo.

Kwa spishi, ninaegemea Gelastocoris oculatus, aliyepewa jina na Fabricius mwaka 1798. Oculatus ni Kilatini, maana yake mwenye macho, na sikuona sababu ya kubishana naye. Lakini daftarini nimeandika jenasi tu mpaka nipime vizuri kingo za ngao ya kifua, lile bamba gumu lililo nyuma ya kichwa.

Jumamosi ya nne
Nimewarudisha wote saba palepale. Kwa picha, mwanga wa jioni unaokuja kwa ubavu unasaidia kuliko kamera ghali: mdudu huwezi kumwona, ila kivuli chake unakiona. Leo nimepata wawili kwa njia hiyo, mmoja bado tunutu, mbawa hazijakamilika. Rangi yake sikuiandika.